Tope la Sabaki Linatoka Wapi

Wazee wetu, wavuvi wa Malindi na Mambrui, wakulima mliotoka Lango Baya na juu zaidi, walimu, kina mama na vijana, hamjambo nyote.

Mvua ikinyesha bara, bahari ya hapa hubadilika sura. Maji ya ghuba yanageuka rangi ya chai ya maziwa, kisha rangi ya tofali. Mvuvi anapandisha nyavu zimeganda tope, mwenye hoteli analalamikiwa na wageni, na swali linalozunguka ufuoni ni lile lile: nani alizuie tope hili? Jibu letu tulitangulize ili msikae mkilisubiri. Huku mlangoni, Mto Sabaki unapoingia baharini, hakuna wa kulizuia. Udongo huzuiwa shambani, na kwenye korongo lingali changa. Ukishaingia katika mkondo mkubwa wakati wa mafuriko, umekwisha kuwa wa bahari. Kwa nini tunasema hivyo, inabidi tuufuate mto wenyewe tangu juu, tuone chembe inavyong'oka, inavyobebwa na inavyolala.

Mto huu una majina matatu. Kule juu, kwenye milima ya Ngong na miteremko ya pembeni mwa Nairobi, ni Athi. Unapokea Mto Nairobi, unaanguka Fourteen Falls karibu na Thika, kisha unageukia kusini mashariki chini ya uwanda wa juu wa Yatta, ukipita kati ya nchi za Machakos, Makueni na Kitui mpaka ndani ya Tsavo. Hapo unakutana na Mto Tsavo na kuanzia hapo unaitwa Galana. Ukikaribia pwani ndio huu wetu, Sabaki. Nchi yote inayoumwagia maji ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 70,000. Tone linaloanguka Ngong na tone linaloanguka Kitui yote mawili yana haki ya kupita chini ya daraja letu.

Watu wengi hudhani mmomonyoko ni jambo la jana. Yatta inatufundisha vingine. Zamani, kama miaka milioni 13 iliyopita, volkeno zilimwaga uji wa moto ukateremka ndani ya bonde la mto wa wakati huo, ukalijaza kwa urefu wa karibu kilomita 300, ukapoa na kuwa jiwe gumu. Kwa hiyo palipokuwa chini ya bonde pakavikwa kifuniko cha mwamba. Pembeni kulibaki mawe ya zamani zaidi, ambayo hewa na maji huyaozesha na kuyavunja kwa urahisi. Mvua na mito ikaanza kuyala hayo ya pembeni, mwaka baada ya mwaka, na kile kifuniko hakikuliwa kwa kasi ile. Leo ukipita upande wa Kibwezi au ukiwa ndani ya Tsavo Mashariki unaona ukuta mrefu ulionyooka, juu umesawazika kama meza. Ule ukuta ni sakafu ya bonde la kale. Haukuinuliwa na kitu. Ni nchi ya pande zote mbili iliyoshuka.

Sasa tupige hesabu ndogo. Tukichukulia kwamba nchi ya pembeni imeshuka mita 100 tu katika miaka milioni 13, basi milimita moja ya ardhi ilichukua kama miaka 130 kuondoka. Huo ndio mwendo wa mto ukiachwa na nchi yake. Shamba la mteremko lililoachwa wazi, bila jani wala tuta, linaweza kupoteza milimita hiyo hiyo kwa mvua moja au mbili kubwa. Milimita moja haionekani kwa macho, na hiyo ndiyo hatari yake. Katika ekari moja ni mita 4 za ujazo, yaani kama tani 5 za udongo, nao ni ule wa juu kabisa wenye samadi na rutuba.

Kazi huanza kabla maji hayajatiririka. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likigonga udongo mtupu hulirusha donge vipande vipande, na chembe laini huziba vitundu ambavyo maji yangepitia kuzama. Uso unafanya gamba, maji yanakosa pa kuingia, yanaanza kukimbia juu. Kwanza yanatembea kama shuka jembamba, halafu yanajikusanya katika vijifereji vya upana wa kidole. Vijifereji vikikutana ndipo korongo linapozaliwa. Jani lililoanguka, mabua ya mahindi yaliyoachwa shambani, nyasi fupi tu, vyote hulipokea tone kabla halijapiga udongo. Ndiyo maana mvua za kwanza baada ya kiangazi, mifugo ikiwa imekwisha kula kila kitu, hubeba tope zito kuliko mvua za mwisho hata kama maji ya mwisho ni mengi zaidi. Wavuvi mnaijua hali hii bila kuambiwa na mtu: maji mekundu sana ni yale ya mwanzo wa msimu.

Tuingie mtoni. Maji hung'oa kwa njia zaidi ya moja. Yanasukuma kwa nguvu zake na kupasua kingo kwenye nyufa. Yanatumia mchanga na mawe yaliyonayo kama msasa. Mawe yenyewe yanagongana, yanapungua, yanakuwa duara. Na baadhi ya mawe huyeyuka polepole. Mahali pazuri pa kuona msasa huo ni maporomoko ya Lugard ndani ya Tsavo Mashariki, ambapo Galana inajibana katika miamba yenye mistari mieupe na ya waridi. Kuna mashimo ya mviringo kwenye mwamba, mengine yenye kina cha kumeza mtu. Jiwe likinaswa kwenye kishimo, maji ya mafuriko hulizungusha kama mchi ndani ya kinu. Jiwe linasagika, kinu kinazidi kuchimbika, na likiisha linaingia jingine.

Kasi ya maji ndiyo inayoamua nini kitachukuliwa. Kasi ikizidi maradufu, uzito wa jiwe kubwa kabisa linaloweza kusukumwa haukui maradufu, unakua mara 64. Kwa hiyo mto uliolegea mwezi wa Februari, wenye kuvukwa kwa miguu, na mto ule ule mwezi wa Mei ni viumbe viwili tofauti. Na kuna jambo linalowashangaza wengi: kitu rahisi kuliko vyote kung'oa si kile kidogo kuliko vyote. Ni mchanga wa wastani, ambao husogezwa na maji yanayokwenda sentimita 20 hivi kwa sekunde. Changarawe ni nzito, inataka kasi kubwa. Udongo wa mfinyanzi nao unataka kasi kubwa ingawa chembe zake hazionekani, kwa sababu zimeshikana kama unga uliokandwa. Lakini ukishang'oka, hautui tena kwa urahisi. Chembe ya mchanga wa milimita 0.2 huzama mita moja kwa kama sekunde 40. Chembe laini zaidi, ya milimita 0.02, inahitaji dakika 45. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 inahitaji siku tatu na zaidi, na hapo maji yawe yametulia kabisa, jambo ambalo mtoni halipo. Mchanga basi unasafiri kwa vituo: unaruka, unalala, unangoja mafuriko mengine. Huenda mchanga mnaoukanyaga ufuoni uliondoka Kitui miaka mingi iliyopita. Tope la rangi lenyewe halina kituo. Likiingia kwenye mkondo uliojaa juu huko, siku chache baadaye liko Malindi.

Mafuriko yana uzito gani? Tuchukue hesabu ya mfano. Mto unapitisha mita za ujazo 500 kwa sekunde na kila lita ina gramu 2 za tope. Hiyo ni tani moja kila sekunde, au tani 86,400 kwa siku. Lori la tani 10 lingehitaji safari 8,640. Sasa mto ule ule wakati wa kiangazi, mita za ujazo 10 kwa sekunde, gramu 0.05 kwa lita: tani 43 kwa siku, malori manne. Siku moja ya kwanza ni sawa na siku 2,000 za namna ya pili. Makadirio ya watafiti kuhusu jumla ya mwaka hutofautiana, lakini yote yanahesabika kwa mamilioni ya tani, na sehemu kubwa hupita katika siku chache. Anayepima mto mara moja kwa mwezi, siku ya jua, hajaupima.

Lori 8,640 hizo zinatoka wapi? Si kila mahali sawasawa. Mzima, kwa mfano, ile chemchemi kubwa inayolisha Mto Tsavo, maji yake yamepita chini ya mawe ya volkeno ya Chyulu na hutoka angavu kama kioo. Kule hakuna tope la kulaumu. Tope linatoka kwenye mashamba ya mteremko, kwenye njia za ng'ombe zinazoelekea majini, kwenye makorongo, kwenye kingo zilizolimwa mpaka ukutani, na kwenye barabara. La barabara halisemwi vya kutosha. Barabara hukusanya maji ya mlima mzima kwenye mtaro mmoja, kisha kalvati inayamwaga kwa mpigo juu ya shamba la mtu. Nenda kaone makorongo mengi ya Ukambani yanaanzia wapi, utakuta kalvati mbele yake. Anayejenga barabara anapaswa kuyapeleka maji hayo mpaka kwenye mkondo wa mawe au uwanja wa nyasi, na gharama hiyo iwe ndani ya mkataba tangu mwanzo.

Machakos ilikuwa na jina baya kwa ajili ya mmomonyoko tangu miaka ya 1930. Serikali ya kikoloni ilipoona vilima vimechanika iliamua dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba walikwenda Nairobi kwa maelfu kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu, naye akahamishiwa Lamu, si mbali na hapa tulipo. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinatukumbusha kwamba udongo hauokolewi kwa kumnyang'anya mwenye udongo. Yaliyofuata yanastahili kutazamwa vizuri: kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka kama mara tano, na mmomonyoko mashambani ukapungua, kwa sababu wakulima walichimba matuta, wengi wao kwa mikono na kwa vikundi vya mwethya, yaani kazi ya ushirika ya Wakamba. Watu wengi si lazima iwe ardhi mbovu.

Tuta lililofanya kazi kubwa ni fanya juu. Unachimba mtaro unaofuata usawa wa mteremko, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, na udongo wote unaurusha upande wa juu, ndipo jina lake. Kati ya mtaro na tuta uache ukanda wa sentimita 15 hadi 30, la sivyo mvua ya kwanza inarudisha udongo shimoni. Umbali kati ya tuta na tuta unategemea mwinuko. Shamba linaloshuka mita 5 kwa kila mita 100, weka kila mita 20 hivi. Likishuka mita 15 kwa 100, weka kila mita 11 au 12. Udongo unaoteremka ndani ya shamba unanaswa nyuma ya tuta, kila msimu kidogo, na baada ya miaka kadhaa mteremko umekuwa ngazi.

Matuta yanapoharibika, huharibika kwa sababu zinazojulikana. La kwanza ni usawa. Tuta likishuka sentimita chache upande mmoja, maji yote yanakimbilia hapo, yanapasua, na wimbi hilo linaangukia tuta la chini ambalo halikuundwa kuyabeba maji ya wawili. Usiku mmoja matuta sita yanakwenda. Kwa hiyo usipime kwa jicho. Chukua kamba ya mita 10, vijiti viwili vya urefu ulio sawa kabisa, na kipima usawa kidogo cha fundi mwashi chenye kiputo, ukitundike katikati ya kamba, katikati hasa. Kisha kigeuze, upande wa kushoto uwe wa kulia, upime tena. Vipimo vikipishana, kifaa ni kibovu au hakiko katikati. Sababu ya pili ni tuta kuachwa tupu. Panda nyasi juu yake msimu ule ule, makarikari au napier, ambazo ng'ombe watakula zikikatwa. Ya tatu ni maji ya jirani wa juu au ya barabara kuingia shambani. Hayo yakingwe kwa mtaro wa kuyageuza kabla hujachimba tuta la kwanza.

Korongo nalo lina utaratibu wake, na kosa la kawaida ni kuanzia chini ambako ni pana na panatisha. Anza kichwani, pale linapopanda mlima kila mvua. Geuza maji yasiangukie kichwa hicho. Halafu teremka ukijenga vizuizi vya mawe. Kila kizuizi kiingizwe ndani ya kingo zote mbili angalau nusu mita, na katikati kiwe chini kuliko pembeni. Hili la mwisho likisahauliwa, kizuizi kinafanya kinyume: maji yanakimbilia pembeni, yanakula ukingo, yanazunguka mawe yako, na korongo linapanuka. Chini ya kizuizi tandika mawe bapa ili maji yanayoanguka yasichimbe msingi. Nafasi? Kichwa cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kizuizi cha juu. Ukijaza nusu ya korongo kwa kufuata hivyo, nusu nyingine itajijaza yenyewe kwa udongo.

Katika mito ya msimu ya Machakos, Makueni na Kitui kuna kazi nyingine tunayoipenda kwa sababu inamgeuza mwizi kuwa mlinzi: mabwawa ya mchanga. Ukuta unajengwa kukata mto wa mchanga, juu ya mwamba. Mafuriko yanaleta mashapo, yaani mchanga na tope; mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu. Baada ya misimu kadhaa nyuma ya ukuta kuna hazina ya mchanga, na kati ya robo na theluthi ya ujazo wake ni nafasi ya maji. Maji hayo hayaliwi sana na jua, hayazalishi mbu. Lakini ukuta ukijengwa mpaka juu kwa mara moja mahali ambapo mto hauna mchanga mzito wa kutosha, maji yanatulia mno, tope linatua pamoja na mchanga, na bwawa linakuwa la matope lisilotoa maji. Hapo ukuta upandishwe kwa awamu, nusu mita hivi, ungoje mchanga, uongeze. Na msingi usiofika mwambani ni kazi bure. Maji yatapita chini.

Mchanga huohuo ndio unaopakiwa kwenye malori kwenda mijini. Ukizoa sana mahali pamoja, kitanda cha mto kinashuka, na shimo lile linapanda kuelekea juu ya mto, maana maji yanayoingia shimoni yanaongeza kasi na kuchimba nyuma yake. Nguzo za daraja zinabaki uchi, visima vya kando vinakauka. Makueni ilipitisha sheria yake ya mchanga mwaka 2015, na kaunti nyingine zinaweza kuifuata. Sisi wa pwani tuna sababu yetu wenyewe ya kujali: maji ya Baricho yanayonywewa hapa Malindi, Kilifi na mpaka Mombasa yanavutwa kutoka visima vilivyochimbwa ndani ya mashapo ya Sabaki. Mchanga ule ni chujio letu na tangi letu.

Huku chini kwenye tambarare mto unapinda. Kwenye kona, maji ya kasi yanabanwa upande wa nje na kuuchimba ukingo kutoka chini. Upande wa ndani maji ni mapole na mchanga unalala. Hivyo kona inajisogeza, mwaka hadi mwaka, mpaka mara nyingine mto unakata shingo ya kona na kuiacha ile ya zamani kama ziwa lenye umbo la mundu. Mwenye shamba upande wa nje anapoteza, mwenye shamba upande wa ndani anapata ardhi mpya. Sheria haiwezi kuuzuia mwendo huo, ila inaweza kuzuia kuuharakisha. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande, kwa kadiri ya upana wa mto, kuanzia juu ya ukingo wa mto. Mikoma na migunga iliyomo ndani ya ukanda huo ni nondo za ukingo.

Na tafadhalini, sikieni hili la usalama. Kingo nyingi haziporomoki wakati maji yamejaa. Zinaporomoka yakishuka. Udongo umenyonya maji, umekuwa mzito, na yale maji ya mtoni yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka. Siku mbili tatu baada ya mafuriko, watu wakirudi kuteka maji na kuokota walichoachiwa, ndipo ukingo unapoanguka. Mkiona ufa sambamba na mto, kaeni mbali kuliko kimo cha ukingo wenyewe.

Tumefika mlangoni. Maji ya mto yakikutana na chumvi, chembe za mfinyanzi zilizokuwa zikikwepana zinaanza kushikana, zinafanya mabonge mepesi, zinazama. Mwalimu anaweza kuonyesha darasani kwa chupa mbili za maji ya Sabaki, moja ikitiwa kijiko cha chumvi. Mchanga wenyewe hutua mapema zaidi na kufanya mafungu. Mto ukiwa dhaifu, mawimbi yanalijenga fungu mbele ya mlango na kuusukuma mto utafute njia pembeni. Mafuriko yanakuja na kulipasua tena. Ndiyo sababu mlango wa Sabaki hautulii, na anayejenga karibu nao anajenga juu ya kitu kinachotembea.

Baada ya hapo upepo unashika usukani. Mafuriko ya masika huja kusi ikianza, na mara nyingi tope linasukumwa kaskazini, kuelekea Mambrui na Ngomeni. Mchanga ukikauka ufuoni, kusi hiyo hiyo inaupandisha na kuwa vile vilima vya Mambrui. Mafuriko ya vuli huja na kaskazi, na hapo tope linashuka kusini, juu ya mji wa Malindi na juu ya matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Kwa matumbawe, kwa hiyo, vuli yenye mvua kubwa ni mbaya kuliko masika yenye mvua ileile.

Matumbawe hayo yameandika historia yetu. Tumbawe hukua kwa pete za mwaka kama mti. Udongo wa mfinyanzi hubeba madini ya bariamu, ambayo huachiwa kwenye maji ya chumvi, na tumbawe huyaweka kwenye mfupa wake. Watafiti walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka kama 300 na kulipima pete kwa pete. Matokeo yakatoka mwaka 2007. Kwa karne mbili za kwanza bariamu ilikuwa kidogo na tulivu. Tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakati ardhi ya juu ilipogawanywa upya na kulimwa kwa namna nyingine, inapanda. Kwa hiyo anayesema Sabaki imekuwa nyekundu hivi tangu enzi, tumbawe linamkatalia.

Lakini msiondoke hapa mkidhani tunataka mto usio na mashapo. Kamba wa Ghuba ya Ungwana wanaishi kwenye tope hilo, mikoko ya mlangoni imeota juu yake, na ufuo unajengwa kwa mchanga wake. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 pale Mto Thwake unapoingia Athi, litanasa mchanga na sehemu ya tope. Mchanga utatua mwanzoni mwa bwawa, tope litakwenda kulala karibu na ukuta, na maji yatakayotoka yatakuwa mepesi. Maji mepesi yana njaa: yanachimba kitanda cha chini kutafuta mzigo wao. Misri iliona hayo baada ya bwawa kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, delta ya Naili ikazidi kuliwa na bahari pale Rosetta. Wasimamizi wa Thwake waulizwe mapema: milango ya chini ya kusafishia tope itafunguliwa lini, mara ngapi, na wavuvi wataarifiwa vipi?

Ili kuuliza vizuri mnahitaji vipimo vyenu. Chupa ya lita moja iliyo angavu inatosha kuanzia. Mchote kutoka darajani kwa ndoo na kamba, katikati ya mkondo, si ukingoni ambako maji ni mapole na yanadanganya. Mwandike tarehe, saa, na alama ya maji kwenye nguzo. Chupa isimame bila kutikiswa saa 24, mpime kimo cha mashapo kwa rula, kisha mchuje kwa karatasi ya kuchujia, mkaushe na kupima gramu. Wakati wa kiangazi mara moja kwa wiki yatosha. Mto ukianza kupanda, kila siku, na siku ya kupanda kwa kasi, asubuhi na jioni. Madaftari yafunguliwe kabla ya vuli, kwa kuwa chupa ya mafuriko ya kwanza ndiyo itakayowaonyesha wakulima wa juu kiasi walichopoteza.